Najifunza Kiingereza kwa kupitia Kicheki, hii njia inafika kweli?

MamaNeema_Brno

Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni ushauri maana kichwa kimeshaanza kuchemka.

Niko Brno huku Ucheki mwaka wa tano sasa, nimeolewa huku, nyumbani mimi na mume na watoto tunaongea Kicheki, na Kicheki changu si haba, naenda sokoni, naongea na walimu wa watoto, hata jirani akileta fujo za ngazini namjibu vizuri tu anarudi ndani. Shida yangu ni Kiingereza. Kwetu Tanga niliishia kidato cha pili, tena nilikuwa wa viti vya nyuma, kwa hiyo hicho kidogo nilichokuwa nacho kimeshayeyuka. Sasa nimepata kazi hotelini upande wa vyumba, kutandika na kusafisha, na wageni wengi wanaongea Kiingereza, yaani mgeni anafungua mlango anakuuliza kitu wewe unabaki kutabasamu tu kama bibi harusi.

Nikaenda maktaba. Vitabu vyote vya Kiingereza vilivyopo vimeandikwa kwa ajili ya Wacheki, upande huu neno la Kiingereza upande huu maana yake kwa Kicheki. Mume wangu naye akaniwekea programu kwenye simu, ni hivyohivyo. Nikasema poa, si Kicheki nakijua bwana. Nikanunua daftari nikachora safu tatu, Kicheki, Kiingereza, Kiswahili. Ručník, towel, taulo. Polštář, pillow, mto. Prostěradlo, sheet, shuka. Nilipofika maneno kama mia mbili hivi nikaanza kujiona mkalimani.

Basi yakanikuta mawili ndani ya wiki moja.

La kwanza, kwa Kicheki mgeni anaitwa host, linaandikwa h-o-s-t, na kazini ndo neno tunalotumia kutwa nzima, host wa chumba hiki, host wa chumba kile. Kwenye kitabu nikaona na Kiingereza kuna host, nikasema hili la bure, hata sikusoma upande wa pili. Asubuhi nikamsalimia mzee mmoja Mwingereza nikamwambia good morning my host. Akacheka akasema kitu, mwenzangu akaja kunitafsiria baadaye kwamba mzee kasema alikuwa hajui kama hoteli ni yake. Kumbe kwa Kiingereza host ni mwenyeji!

La pili ndo liliniuma. Mgeni kaniambia nije kusafisha chumba "half eight". Mimi kichwani ikaja moja kwa moja půl osmé, ambayo kwa Kicheki ni saa moja na nusu asubuhi. Nikaenda saa moja na nusu, nikagonga, kimya, nikagonga tena, nikafungua. Jamani. Yule baba kalala chali anakoroma na mkewe pembeni kavuta shuka mpaka puani ananikodolea macho. Kumbe yeye alikuwa na maana saa mbili na nusu. Nilitoka mle ndani kinyumenyume na ndoo yangu. Msimamizi akaniambia wewe si unasema unajifunza.

Swali langu sasa, niendelee na hii njia ya kupitia Kicheki au niache nitafute vitabu vya Kiswahili na Kiingereza, ambavyo huku sivioni mpaka mtu aniletee kutoka nyumbani? Halafu kuna kitu kinanitisha, nikitafuta neno la Kiingereza linatangulia la Kicheki, na la Kiswahili siku hizi linachelewa. Juzi naongea na mama kwenye simu nikamwambia nimefua ručníky. Mama akauliza hizo ni nini mwanangu, ni mboga?

Mgosi_wa_Ngamiani

Hahahaha mgosi mwenzangu umeniua hapo kwenye ndoo. Hiyo njia yako ni sawa na mtu yuko Posta anataka kwenda Kariakoo halafu anapanda gari la Bagamoyo. Ila kama stendi nzima limebaki gari la Bagamoyo tu, we panda, utashuka huko utageuza 😂

Kijana_wa_Olomouc

Shikamoo dada. Pole kwa hilo la mlango ila nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Mimi njia yangu ilikuwa kinyume na yako. Huku vyuo vya serikali ukisoma kwa Kicheki hulipi ada, ukisoma kwa Kiingereza unalipa, na sisi wengine mfuko ndo ulituchagulia lugha. Kwa hiyo nilikaa mwaka mzima nasoma Kicheki, na vitabu vyangu vyote vilikuwa vya Kicheki na Kiingereza, Kiswahili hakuna hata nukta. Nikafika. Kwa hiyo na wewe utafika, cha msingi ujue ni wapi Kicheki kinakubeba na wapi kinakumwaga.

Kuna sehemu Kicheki na Kiswahili ni ndugu kabisa, na Kiingereza ndo kimekaa peke yake. Angalia mwili. Ruka ni mkono, wote, kuanzia begani mpaka kwenye kucha, kama sisi tu. Noha ni mguu mzima. Prst ni kidole, kiwe cha mkono au cha mguu, wao wanasema prst na noze, yaani kidole cha mguuni, sisi kidole cha mguu. Sasa Mwingereza kakata kila kitu vipandevipande, mkono una hand na arm, mguu una foot na leg, kidole cha mguu kina jina lake kabisa toe. Hapo daftari lako litakudanganya bila wewe kujua, maana utaandika ruka, hand, mkono, utaona safu zote tatu zimekaa vizuri, kumbe nusu ya mkono haimo.

Nyingine ni kuazima. Sisi tunasema niazime pasi, halafu tunasema nimeazima pasi kwa jirani, neno ni hilohilo linaenda na kurudi. Mcheki naye ni půjčit, akitaka kugeuza anaongeza kineno si. Kiingereza ni maneno mawili yasiyofanana hata sura, lend anayetoa na borrow anayechukua. Wageni wa hoteli wanaomba pasi sana, kwa hiyo hili lishike leo leo. Mgeni akisema can I borrow an iron anaitaka, hakuletei.

Halafu kuna yale wanayofundishwa watoto wa shule huku kwamba ni marafiki wa uongo, maneno yanayofanana sura na maana mbalimbali. Host umeshalilipia ada. Mengine, aktuální kwa Kicheki ni ya sasa hivi, lakini actual ya Kiingereza ni halisi. Eventuálně ni labda au ikibidi, eventually ni hatimaye, hii inaumiza sana maana Mcheki akikwambia atakuja eventuálně ana maana huenda asije, Mwingereza akisema eventually ana maana atakuja tu hata kwa kuchelewa. Gymnázium ni sekondari ya kwenda chuo kikuu, haina vyuma vya kunyanyua. Sympatický ni mtu anayependeza tabia, sio anayekuonea huruma. List ni jani au karatasi, orodha wanaita seznam. Na ukifika kwenye chai ya asubuhi usije ukamuuliza mgeni wa Kicheki kama anataka jemu yenye prezervativ, maana hiyo ni kondomu. Niliona mtu kauliza. Meza nzima iliacha kutafuna.

Na la mwisho hili nakuomba uliandike kwa kalamu nyekundu. Mcheki akiwa anakubali anasema no. No, no, no jo. Msikilize mume wako akiwa kwenye simu na mama yake, nusu saa nzima ni no no no na ana maana ndiyo ndiyo ndiyo. Ukigonga mlango wa Mwingereza akajibu no, dada, usiingie.

MamaNeema_Brno

@Kijana_wa_Olomouc marahaba mdogo wangu, hilo la no nimebaki mdomo wazi. Kuna mgeni aliwahi kunijibu no na nikaingia. Nilidhani kanikaribisha. Alinitazama tu akatoka yeye. Sasa ndo naelewa!!

Mwl_Mstaafu_Morogoro

Binti yangu, mimi Kicheki sikijui hata neno moja, ila nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na kitu, naomba nipingane kidogo na kijana hapo juu kwa heshima zote.

Tatizo lako sio Kicheki. Tatizo ni daftari. Hata ungekuwa na safu ya Kiswahili na Kiingereza tupu ungeumia vilevile, maana lugha haikai kwenye neno mojamoja. Nakupa mfano wa kazi yako mwenyewe. Wewe kazini unafanya nini? Unatandika kitanda. Kiingereza wanasema make the bed. Sasa tafuta neno make kwenye kamusi, utaambiwa tengeneza. Je wewe ni seremala? Wanafunzi wangu wakiambiwa waandike mama anatandika kitanda walikuwa wananiandikia mother is spreading the bed, kwa sababu kila neno wamelifunga kamba na mwenzake mmoja tu.

Andika sentensi nzima, ile utakayoitoa mdomoni kesho. We have run out of towels. I will come back later. Would you like clean sheets? Hizo tatu tu zitakusaidia kuliko maneno yako mia mbili. Nimesema.

Kijana_wa_Olomouc

Mwalimu shikamoo, wala hujapingana na mimi, nakubali sentensi. Ila hata sentensi inahitaji maana yake iandikwe kwa lugha fulani, na dada kazini anasikia Kicheki siku nzima. Chukua hiyo yako ya taulo kuisha. Mcheki anasema došly nám ručníky. Sisi tunasema tumeishiwa taulo. Mwingereza anasema we have run out, wanakimbia kutoka nje sijui kwenda wapi. Ukiweka Kicheki pembeni anaikumbuka, kwa sababu ile sentensi ya Kicheki anaisikia kila Jumamosi asubuhi mkuu wa zamu akiipigia kelele stoo. Inaanzia kwenye tukio analolijua.

Mwl_Mstaafu_Morogoro

Marahaba. Hapo umenena, nimekubali. Ila neno mojamoja bado hapana.

Njeri_Praha

Sasa MamaNeema, mimi ni Mkenya niko Praha na kazi yangu ni kufunza watu wa maofisi Kiingereza, Wacheki watupu, kwa hivyo makosa ya upande huo nayajua kama jina langu. Wenzangu wameongea juu ya maana, mimi nataka kuongea juu ya sauti kwa sababu hapo ndio hizo vitabu zitakuharibu vibaya.

Kwanza angalia kama kitabu chako kimeandika matamshi kwa herufi za Kicheki. Vile vitabu vidogo vya wasafiri viko hivyo. Ukiona thank you imeandikwa tenk jú au senk jú, funga macho pita. Mcheki hana hiyo th lugha yake yote, kwa hivyo anaweka s, anaweka t, anaweka f, chochote. Wewe unayo! Wewe ni wa Tanga, unasema thamani, unasema thelathini, unasema dhahabu, ulimi uko mahali pake tangu utoto. Kwa nini ukopee Mcheki kitu hana? Vilevile w na v. Sisi wali ni wali na vita ni vita, lakini wanafunzi wangu wine na vine kwao ni kitu kimoja, nawafunza wiki tatu nzima wanasahau wikendi moja.

Halafu hili la kazi yako. Bad na bed. Mcheki zote mbili anaziandika bed na kuzisoma bet, maana kwa lugha yao d ikikaa mwisho wa neno inageuka t, g inageuka k, hata mkate wao chléb unasikika chlép. Kwa hivyo ukijifunza kutoka kwa masikio ya Mcheki, mgeni akilalamika bed is bad wewe utasikia bet is bet. Na sisi nasi tuna letu, tunaongeza irabu mwisho, bedi, badi. Kata hapo kwa d, usiilegeze iwe t, usiiongezee i. Jaribu ukioga.

Lakini sitaki uchukie Kicheki kwa sababu kuna mahali kinakusaidia kuliko Kiswahili, na watu wengi hawajui hii. Sisi hatuna i fupi na i ndefu. Mswahili ship na sheep anasema shipu zote mbili, live na leave anasema livu. Mcheki anazo mbili, na wewe miaka mitano sasa sikio lako limeshazizoea bila kujua. Byt ni nyumba ya ghorofani, být ni kuwa, ukichanganya mume wako si atakucheka? Sasa tofauti hiyo ndiyo iko kati ya bit na beat ya Kiingereza, karibu sawasawa.

Na sheet. Mama, hiyo shuka ndiyo neno la hatari kuliko yote hotelini, ukilifupisha umetukana mgeni. Sasa fikiria šít, kushona kwa Kicheki. Itamke. Umesikia? Hiyo ndiyo sheet, na shuka inashonwa, kwa hivyo huwezi sahau. Na mshale, šíp, ndio sheep kabisa. Hapa Kiswahili hakingekusaidia hata kidogo.

Mgosi_wa_Ngamiani

Mimi nimekaa hapa Ngamiani najaribu šít na byt, mke wangu ameuliza kama naumwa

Msomaji_wa_Zlín

Wakuu, nimesoma yote, naongeza moja. Mama Neema ukiwa na noti ya korona mia mbili itoe uiangalie. Yule mzee mwenye ndevu ni Jan Amos Komenský, mtu wa Moravia, huko huko uliko, kazaliwa 1592. Alikuwa mwalimu, na aliudhiwa na hichohicho anachokilalamikia Mwalimu wa Morogoro, watoto kukaririshwa maneno ya Kilatini bila kuona kitu chenyewe. Mwaka 1658 akatoa kitabu cha picha, kila picha ina vitu vimepewa namba, na chini jina la kila kitu kwa Kilatini na Kijerumani. Mwaka uliofuata tu kikatoka cha Kiingereza na Kilatini. Yaani hiyo picha yenye namba unayoiona kwenye vitabu vya leo, jiko, chumba cha kulala, duka, yeye alikuwa nayo miaka zaidi ya 360 iliyopita.

Sasa wewe una bahati ambayo watoto wa Komenský hawakuwa nayo, chumba chenyewe unacho, unakishika kila siku mara kumi na tano. Usiandike ručník, towel, taulo. Shika taulo, sema towel. Shika mto, sema pillow. Mcheki akae nje ya mlango. Ukitoka chumba cha mwisho utakuwa umesema pillow mara sitini, hakuna kadi wala programu itakayokupa hiyo. Mambo yasiyoshikika ndo uyaache kwenye Kicheki, kama labda, hatimaye, nitarudi baadaye, samahani nimekosea mlango 😄

Na usijione unapita njia ya ajabu. Baba yangu mkubwa alisoma Praha enzi za Chekoslovakia, kwenye kile Chuo Kikuu cha 17 Novemba walichokifungua 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kutoka nje, Afrika, Asia, Amerika ya Kusini, wakakifunga 1974. Anasema bwenini kwao Mwarabu, Mkyuba na yeye Mtanganyika walikuwa wanaongea Kicheki wao kwa wao, maana ndo lugha pekee waliyokutana nayo wote. Kiingereza chake alikirudia akiwa mtu mzima kwa kamusi ya Kicheki, ipo mpaka leo, imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ukimpa neno gumu la Kiingereza bado anaguna kwanza kwa Kicheki.

Kwa taarifa yenu pia nyie mnaosema Kicheki kinatuhusu nini, roboti ni neno la Kicheki, limetoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa 1920, na dola nayo imetokea kwenye sarafu za fedha za Jáchymov, mji wao mmoja wa migodi. Kwa hiyo wote hapa tunaongea Kicheki kidogo.

Kijana_wa_Olomouc

Hapo kwenye kamusi nimekumbuka, dada ukitafuta neno kwenye kamusi yao usije ukadhani halimo. Ch wao ni herufi moja na inakaa baada ya h. Nilitafuta chléb kwenye c wiki nzima nikaamini Wacheki hawali mkate.

Bibi_Saa

Mbona hakuna aliyegusa saa jamani, wakati ndo iliyomtoa na ndoo? Mimi nimekaa Ostrava miaka kumi na moja ngoja niseme.

Mwanangu, lugha zote tatu hizo zinahesabu saa tofauti. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kwa hiyo 7:30 ni saa moja na nusu. Mcheki anaangalia saa inayokuja, půl osmé ni nusu ya ile ya nane, yaani ya nane imeshaingia nusu. Mwingereza anaangalia iliyopita, half eight ni nane imepita na nusu imeongezeka juu, 8:30. Na Mcheki hajaishia hapo, 7:15 anaita čtvrt na osm, robo kuelekea nane, na 7:45 ni robo tatu kuelekea nane. Kwa hiyo ukitafsiri half eight kwa Kicheki neno kwa neno lazima uamshe watu. Mimi dawa yangu ni moja, mtu akinitajia saa kwa Kiingereza sitafsiri kitu, natoa kalamu naandika tarakimu namwonyesha. 8:30? Akitikisa kichwa basi. Hata Mwingereza mwenyewe anapenda.

Na siku vilevile angalia. Pátek kwa Kicheki ni ya tano, na ni Ijumaa. Jumatano yetu ina tano ndani na ni Jumatano. Alhamisi nayo ni tano ya Kiarabu. Siku tatu zote zinajiita ya tano, na Friday ya Mwingereza haina namba yoyote. Niliwahi kwenda kwa daktari wa meno Jumatano kwa ahadi ya Ijumaa. Nikamkuta, akaning'oa hivyohivyo.

MamaNeema_Brno

Wakuu nimerudi, ni siku ya tisa leo tangu niandike. Asanteni sana, Bibi shikamoo, Mwalimu shikamoo, Njeri dada asante.

Nimefanya hivi. Lile daftari sikulitupa, roho iliniuma, ila nimekunja safu ya kwanza kwa nyuma kwa vitu vyote vya chumbani, taulo, mto, shuka, sabuni, pazia, ndoo. Hivyo navishika nasema. Mwenzangu Mukraine tunayefanya naye zamu alidhani nimerukwa na akili, siku ya tatu akaanza na yeye, sasa tunaingia chumbani mmoja anarusha mto mwingine anapiga kelele pillow. Zile sentensi za Mwalimu nimeziandika nyuma kwa Kicheki na Kiingereza, kumi na moja mpaka sasa, na Kijana alisema kweli, hiyo ya kuishiwa taulo imeingia mara moja, Jumamosi mkuu wa zamu kapiga kelele došly nám ručníky na mimi mdomo ukajibu wenyewe we have run out of towels, akanigeukia akaniuliza umesema nini.

Šít nayo imekaa. Jana mama mmoja kanisimamisha mlangoni, sikuelewa mwanzo wote wa maneno yake ila mwisho nikasikia borrow an iron. Nikamwambia I will come back. Nikarudi na pasi. Alisema thank you na mimi nikamjibu kwa th ya Tanga.

Sasa swali dogo la mwisho. Kuna kitu kimoja nimekosa safu ya Kiswahili kabisa. Peřina. Lile blanketi nene lililojazwa manyoya ya ndege, wanaloweka ndani ya foronya kubwa. Kiingereza ni duvet. Kiswahili je? Nimempigia mama, kasema Tanga na joto hili nani anajifunika manyoya ya kuku.

Bibi_Saa

Hahaha mama kasema kweli. Blanketi la manyoya labda?

Mgosi_wa_Ngamiani

Huku dukani wanaandika duveti na wanauza kwa seti na foronya mbili. Ila sijawahi kuona mtu wa Tanga kalinunua kwa ajili ya kujifunika, wanatandikia wageni.

MamaNeema_Brno

Duveti. Sawa, nimeliandika.